Kabla ya kulipia kozi ya likizo, omba kuona daftari

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana mtihani wa mwisho wiki nane kuanzia sasa. Likizo inaanza wiki ijayo, ni ya wiki tatu, na wakirudi shule wanabakiwa na wiki nne tu. Ana masomo sita. Manne anayamudu, lakini hisabati na kemia zinamtesa: kwenye mtihani wa majaribio alipata 41 na 38. Nina matangazo matatu mezani. La kwanza ni kambi ya bweni ya siku 10 mwishoni mwa likizo, masomo yote, saa 11 kwa siku, darasa la watu kama 90. La pili ni kozi ya kutwa ya siku 5 wiki ya kwanza, hisabati na kemia peke yake, saa 5 kwa siku, watu 12. La tatu ni ya mtandaoni: video nyingi zilizorekodiwa, na kila jioni saa moja na mwalimu moja kwa moja. Baba yake anataka kambi, anasema nyumbani hasomi na simu haimtoki mkononi. Mwenyewe anataka ya mtandaoni. Mimi sijui nitumie kigezo gani. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe usije ukachoka kabla hujalifikia. Kati ya hayo matatu ningeegemea kozi ya kutwa ya wiki ya kwanza, kwa sharti moja: wakuonyeshe daftari. Nitaeleza daftari gani. Wakishindwa, sioni hasara binti akibaki nyumbani na rundo la mitihani iliyopita na mtu wa kumsahihishia. Kambi ningeiacha, ingawa hoja ya baba yake si ya kupuuzwa, na nitairudia.

Ila kuna karatasi moja ambayo haimo kati ya hayo matangazo, nayo inazidi yote matatu kwa umuhimu. Ni ule mtihani wa majaribio aliopata 38. Uko wapi? Mara nyingi huwa chini kabisa ya begi, umekunjwa mara nne, maana hakuna mtoto anayependa kuutazama. Mwombe autoe, mkae naye mezani bila ugomvi, na kila palipokatwa alama mjiulize: hapa ilikuwaje? Majibu huwa matatu. Ama alikuwa hajui kabisa. Ama aliwahi kujua, siku ile likapotea. Ama alijua na akaandika, ila hakuandika kile swali lilichotaka. Wekeni herufi pembeni: J kwa hajui, S kwa alisahau, M kwa alijibu mengine. Ni kazi ya saa moja hivi kwa karatasi.

Nikupe mfano wa M, kwa sababu ndiyo inayowaponyoka wazazi wengi. Swali la kemia linasema: "Eleza kwa nini kasi ya mmenyuko huongezeka joto likipanda. (Alama 3)". Mwanafunzi anaandika: "Kwa sababu joto likipanda mmenyuko unakwenda haraka zaidi." Amemrudishia mtahini swali lake. Sifuri. Sasa muulize huyohuyo kwa mdomo, mkiwa mnaosha vyombo, atakwambia vizuri tu kwamba chembe zinapata nishati, zinakwenda mbio, zinagongana. Analijua! Hajajifunza tu kwamba alama 3 zinadai hatua tatu: chembe hupata nishati na kwenda kasi zaidi; hugongana mara nyingi zaidi; na, hapa ndipo wengi wanapoachia alama, sehemu kubwa zaidi ya migongano hiyo huwa na nishati ya kutosha kuanzisha mmenyuko. Mtoto wa namna hii hana haja ya kufundishwa mada upya. Anataka mtu amsahihishie maswali kumi na tano ya aina hiyo, kwa kalamu, mpaka mkono uzoee.

J nayo ina sura yake. Tuseme kwenye hisabati aliambiwa atafute x katika x² − 5x − 6 = 0, naye akaandika (x − 2)(x − 3) = 0. Kwa haraka utadhani ni uzembe. Lakini −2 ukizidisha na −3 unapata 6 chanya, wakati hapa tunataka 6 hasi. Ilitakiwa (x − 6)(x + 1), yaani x ni 6 au −1. Ukilikuta kosa hilo mara moja, ni haraka ya chumba cha mtihani. Ukilikuta kila penye alama ya kutoa, basi namba hasi hazikumkaa tangu madarasa ya nyuma, na amekuwa akizibeba hivyohivyo hadi leo. Kozi inayopita muhtasari mzima wa somo kwa siku kumi haitaligusa jambo hilo, kwa sababu halimo kwenye ratiba. Kila mwalimu anadhani mwenzake alishalimaliza.

Mkishahesabu herufi zenu, uchaguzi unaanza kujionyesha wenyewe. J zikiwa nyingi, anahitaji kufundishwa, na kufundishwa kwa karibu, na mtu atakayeona kosa lilipozaliwa. M zikiwa nyingi, anahitaji kuandika na kusahihishwa. S zikiwa nyingi, nikwambie ukweli ambao wenye kozi hawataupenda: hahitaji mwalimu wa kumweleza tena. Anahitaji kujiuliza maswali yeye mwenyewe, vitabu vikiwa vimefungwa, tena na tena.

Hilo la S watu hawaniamini, kwa hiyo niliweke wazi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya kisayansi. Kifungu kimoja mwanafunzi alikisoma mara mbili. Kingine alikisoma mara moja, kisha akaambiwa aandike kila anachokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, vifungu vilivyosomwa mara mbili ndivyo vilivyokumbukwa zaidi: asilimia 81 kwa 75. Waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: vilivyosomwa mara mbili asilimia 42, vilivyosomwa mara moja na kuandikwa kwa kumbukumbu asilimia 56. Kurudia kusoma kunakupa raha ya leo na kukuacha wiki ijayo.

Kumbuka hiyo "dakika 5", maana kozi nyingi za likizo zinaishi humo.

Na mimi nimo katika lawama. Miaka ya nyuma nilifundisha kwenye kozi moja ya likizo, sina haja ya kuitaja, darasa limejaa hadi wengine wamekaa madirishani. Ubaoni nilikuwa hodari, nasema bila haya. Nilikuwa na vichekesho vyangu, nilikuwa na chaki za rangi, na nilikuwa nikifumua swali gumu hatua kwa hatua mpaka darasa zima linapumua "aaah" kwa pamoja. Siku ya mwisho waliniandikia kadi. Wiki mbili baadaye nikakutana na baadhi yao shuleni kwetu, nikawapa swali lilelile la ubaoni, nikibadilisha namba tu. Wakaniangalia. Mmoja akasema, "Mwalimu, siku ile nililielewa kabisa." Na ni kweli, alilielewa. Alikuwa ameelewa mimi nikilifanya. Kalamu yake mwenyewe haikuwahi kuligusa.

Tangu siku hiyo, nikiletewa tangazo la kozi siulizi nani anafundisha. Nauliza mtoto ataandika kwa muda gani, na nani atasoma alichoandika.

Sasa tuchukue kambi na kozi ya kutwa tuzipigie hesabu. Kambi ni siku 10 kwa saa 11, yaani saa 110. Zigawe kwa masomo sita: kila somo linapata kama saa 18. Kozi ya kutwa ni siku 5 kwa saa 5, yaani saa 25, kwa masomo mawili: kila somo saa 12 na nusu. Kwa hiyo hata kwa hisabati na kemia peke yake, kambi ina saa nyingi zaidi, na baba yake akikuambia hivyo yuko sahihi. Lakini endelea na hesabu. Darasa la watu 90, mwalimu mmoja: akiacha kila kitu akazunguka saa nzima kuangalia madaftari, kila mtoto anapata sekunde 40. Sekunde 40 hazitoshi hata kugundua kwamba tatizo ni namba hasi. Darasa la watu 12, saa hiyohiyo, kila mmoja anapata dakika 5. Hata hao 12 ni wengi kidogo kwa kipimo changu. Uchambuzi wa Education Endowment Foundation, shirika la utafiti wa elimu la Uingereza, kuhusu kufundisha vikundi vidogo unaonyesha kwamba kikundi kikizidi watu sita au saba, manufaa yanaanza kupungua. Ila 12 kwa 90 hazina mjadala.

Halafu zile saa 73 hivi zilizobaki kambini zinakwenda wapi? Kwenye masomo manne ambayo umeniambia anayamudu. Atakaa anasikiliza anachokijua, na kwa sababu anakijua atajisikia anaendelea vizuri.

Nimefika kwenye daftari. Piga simu, au nenda ukiweza, useme hivi: "Naomba nione daftari au karatasi za mwanafunzi mmoja aliyesoma kozi iliyopita, jina mlifunike." Usiombe vipeperushi vya notisi, vile vyenye jalada la rangi, hivyo kila mtu anavyo. Unataka kuona mwandiko wa mtoto na kalamu ya mwalimu juu yake. Ukifunua, angalia mambo machache. Je, kurasa zimejaa maneno yaliyonakiliwa ubaoni, au kuna majaribio, makosa, mikato, na kujaribu tena? Alama za vema zimepigwa tu mfululizo kama mtu anayehesabu magunia, au kuna mahali mwalimu ameandika "umeanza vizuri, hatua ya tatu umepoteza alama ya kutoa, rudia"? Na jambo kubwa kuliko yote: je, mtoto alirudia kweli? Swali lililokosewa Jumatatu linaonekana tena Jumatano, limefanywa upya? Daftari lenye swali moja lililofanywa mara tatu, la tatu likiwa safi, lingenitosha kulipia kesho yake.

Wengine watakujibu kwamba hawana madaftari ya zamani, wanafunzi waliondoka nayo. Ni jibu la haki. Basi omba ratiba ya siku moja, saa kwa saa, uhesabu ni dakika ngapi mtoto anafanya kazi mwenyewe. Ikiwa ni chini ya nusu, shukuru uage. Na uulize swali hili la mtego: "Siku ya kwanza mnaanzaje?" Anayejua kazi atakwambia wanaanza na jaribio fupi ili wajue nani amekwama wapi, au atakuomba umlete binti na ule mtihani wake wa majaribio. Asiyejua atakwambia wanaanza na mada ya kwanza.

Kuhusu mpangilio wa mada kuna jambo ambalo linapingana na macho. Ratiba nyingi zinapendeza kwa sababu zimepangwa kwa mafungu: Jumatatu aljebra, Jumanne jiometri, Jumatano takwimu. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali kwa mafungu, umbo moja hadi liishe. Jingine lilifanya maswali yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi, wa mafungu walipata asilimia 89, wa mchanganyiko 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani: wa mafungu 20, wa mchanganyiko 63. Sababu si uchawi. Ukifanya maswali ishirini ya aina moja, huna haja ya kuchagua njia. Unajua tayari ni njia gani, unabaki kubadilisha namba. Mtihani hauandiki juu ya swali "hili ni la aljebra". Kwa hiyo kozi ikikwambia kwamba kuanzia siku ya pili maswali yanachanganywa na watoto watalalamika, hao wanajua wanachofanya. Na binti akirudi nyumbani siku ya tatu akisema "nilikosa mengi leo", usikimbilie kumwondoa.

Matangazo yenyewe nitayapitia haraka, maana kibaya chajitembeza. "Asilimia 98 ya wanafunzi wetu hufaulu" haina maana mpaka ujue walikuwa wanapata ngapi kabla ya kuingia. Kozi inayojaza watoto waliokuwa wanafaulu tayari itatangaza ufaulu hata ikiwalaza wiki nzima. "Walimu wetu ni watahini" ni jambo zuri kama mtahini huyo ndiye atakayeshika kalamu nyekundu, si kama atakuja saa moja siku ya ufunguzi. Na yeyote anayekunong'oneza kwamba ana "maswali yatakayotoka", mkimbie. Ama anabahatisha, ama anauza karatasi iliyoibwa, na hilo la pili linaweza kumfutia binti matokeo yote. Jambo moja la kuhakikisha, dogo lakini limewahi kuwaliza watu: kozi ifuate muhtasari wa somo na bodi ya mtihani anaofanya yeye. Kemia ni kemia kila mahali, lakini mada zinazotahiniwa, na namna maswali yanavyoulizwa, hutofautiana. Wapelekee karatasi mbili tatu za mtihani wenu uwaulize kama ndizo watakazotumia.

Sasa baba yake. Anasema nyumbani hasomi, na sidhani anakosea. Yapo mazingira ambayo mimi mwenyewe nimeshauri kambi: nyumba yenye watu wengi na hakuna pembe ya kukaa, mtoto anayepewa kazi kila akifungua kitabu, au yule asiyeweza kabisa kuanza mwenyewe lakini akiwekwa kwenye kundi anakwenda. Kama binti yenu ni huyo wa mwisho, nidhamu ya kambi ina thamani yake. Lakini muulize mzee swali hili taratibu: akitoka kambini siku mbili kabla shule haijafunguliwa, zile wiki nne zinazobaki nani atamshikia simu? Tabia ya kusoma ambayo ipo tu pale kengele inapolia hubaki palepale kambini. Kozi ya kutwa inawapa nafasi ya kuijenga hapo nyumbani: anarudi jioni, simu inakaa sebuleni kwenye chaji, anafanya upya maswali aliyoyakosa siku hiyo kwa dakika 40, basi. Siku 5 za namna hiyo zinaweza kuendelezwa.

Kama mwisho wa yote mtachagua kambi, basi kabla ya habari ya masomo ulizeni ya usalama. Nani analala upande wa wasichana? Ni mwanamke, na jina lake mnapewa? Mtoto akiugua usiku anapelekwa wapi, na nani anawapigia? Anaweza kuzungumza nanyi kila siku bila mtu kusimama pembeni? Mzazi anaruhusiwa kufika bila taarifa? Mwenye kambi akionyesha kukereka na maswali haya, hilo ni jibu tosha.

Pia tazameni ratiba ya kulala. Saa 11 za darasa, ukiongeza "kujisomea usiku", mara nyingi maana yake ni kuamshwa saa kumi na moja alfajiri na kuzimiwa taa saa tano usiku. Hizo ni saa 6 za usingizi, kama atalala mara tu taa ikizimwa. American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, mwaka 2016 ilipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Na hapa usingizi si anasa. Tangu mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walionyesha kwamba mtu aliyejifunza kitu kisha akalala hukumbuka zaidi kuliko aliyejifunza akabaki macho kwa muda uleule. Kumnyima mtoto usingizi ili asome zaidi ni kujaza ndoo huku umeitoboa.

Binti anapendelea ya mtandaoni, na si kila mtoto anayeitaka anaitaka kwa ajili ya uvivu. Video ina faida moja ambayo hata mimi ubaoni sina: unaweza kuisimamisha. Kwa J moja au mbili, mada mahususi asiyoijua, video nzuri inamtosha. Aisimamishe kabla mwalimu hajajibu, ajaribu mwenyewe, ndipo aiendeleze. Kwa M haitamsaidia hata kidogo, labda ile saa ya jioni. Waulizeni: jioni hiyo wanaingia wangapi? Anaweza kupiga picha kazi yake akaituma, ikarudi imesahihishwa? Baada ya muda gani? Kama jibu ni kwamba wanaingia mia mbili na maswali yanaandikwa kwenye dirisha la ujumbe, hiyo ni redio. Redio si mbaya, lakini usiilipie kama mwalimu.

Limebaki la muda, na ndilo lililonifanya niegemee wiki ya kwanza kabla hata sijafika kwenye idadi ya wanafunzi. Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake walichapisha jaribio la zaidi ya watu 1,350: watu walijifunza mambo, wakayarudia baada ya muda tofauti, kisha wakapimwa baadaye. Aliyekuwa atapimwa siku 7 baada ya marudio alifaidika zaidi akirudia siku 1 baada ya kujifunza. Aliyekuwa atapimwa siku 35 baadaye, marudio yaliyomfaa zaidi yalikuwa ya baada ya siku 11 hivi. Mtihani ukiwa mbali, pengo nalo lirefuke. Weka hiyo kwenye kalenda yenu. Kozi ya kutwa inaisha Ijumaa ya wiki ya kwanza. Hadi mtihani kuanza zinabaki wiki sita. Siku 11 baada ya Ijumaa ile ni Jumanne ya wiki ya tatu ya likizo. Siku hiyo afanye upya maswali aliyoyakosa kwenye kozi, bila kutazama daftari, na bado zimebaki karibu siku 35 za kurudia tena atakakoteleza. Kambi inaisha likizo ikiwa imekwisha. Akirudi anakutana na shule, kazi za shule na uchovu, na muda wa kuyarudia ya kambini anautoa wapi? Ndiyo maana wengi wakitoka kambini hawafungui tena lile rundo la notisi. Kusoma kwa zimamoto hakuanzi usiku wa kuamkia mtihani; wakati mwingine kunaanza wiki nne kabla, na kuna cheti.

Wiki ya pili ya likizo, mama, mwachie. Nusu ya siku asome yale masomo manne kidogo kidogo, maana yakiachwa kabisa nayo yatashuka, na nusu ya siku apumzike kweli.

Kabla hujatoa hela, soma masharti ya kurudishiwa. Uliza kama unaweza kulipia siku mbili kwanza. Wengi watakataa, wachache watakubali, na hao wachache mara nyingi ndio wanaojiamini. Akishaanza, usimuulize jioni "umeelewa?", kwa sababu atajibu ndiyo, kama yule mwanafunzi wangu. Mwambie achukue karatasi tupu akuonyeshe swali moja la leo kuanzia mwanzo. Huna haja ya kujua kemia. Tazama tu kama mkono unakwenda au umesimama. Ukisimama siku mbili mfululizo, mpigie mwalimu wake simu hiyohiyo jioni, usingoje Ijumaa.

Na kwa wiki hii kabla likizo haijaanza: Jumamosi mpe karatasi ya hisabati ya mwaka wowote uliopita, saa ya ukutani mbele yake, muda uleule wa mtihani, simu iwe kwa baba yake. Asahihishe mwenyewe kwa mwongozo wa usahihishaji, kisha mweke zile herufi tatu. Jumapili mfanye hivyohivyo kwa kemia. Ukishapata hesabu ya J, S na M za masomo yote mawili, niandikie kabla hujalipa. S zikizidi nusu, nitakuomba uiache hata hiyo kozi ya kutwa, nikupangie ratiba ya nyumbani.